Pete Aliyoipima Mhandisi Nashoni

Nashoni Nyangwine alikuwa mhandisi wa umeme, mwenye shahada tatu, mke mwalimu na nyumba ya kupanga Dar es Salaam, na alikuwa na wivu. Tusizunguke katika hilo. Wivu wake haukuwa wa mke wala wa cheo. Alimwonea wivu mtu mmoja tu, Kisyeri, ambaye hakumaliza hata darasa la saba, na alimwonea mwaka hadi mwaka, bila likizo.

Wote wawili walizaliwa Nyanungu, wakachunga ng'ombe pamoja, wakatahiriwa asubuhi moja wakiwa wamesimama bega kwa bega. Wakurya wanaita saro, rika la watu waliomwaga damu pamoja, na mwenzako wa saro humchagui. Akikupa kitu mbele ya watu, unakipokea. Kama ni cha kula unakula, kama ni cha kuvaa unavaa. Ukikataa, umemtukana yeye na wote mliosimama nao siku ile.

Miaka ya tisini Nyamongo ilikuwa imechachamaa kwa dhahabu. Watu walikuja kutoka Mugumu, Musoma, hadi ng'ambo ya Sirari, wakawa wanashuka mashimoni na tochi kichwani na kupanda na mawe kwenye viroba. Kisyeri akatupa madaftari akawafuata. Nashoni akabaki na kitabu chake cha fizikia, akijiambia kwamba atakayecheka mwisho ni yeye. Alijidanganya. Haukupita muda Kisyeri akakutana na mwamba wenye mali. Akaezeka bati, akaoa, akajaza zizi, akanunua karasha ya kusagia mawe. Siku ambayo redio ya kijiji, yaani midomo ya watu, ilipaswa kutangaza kwamba mtoto wa Mzee Nyangwine amefaulu kwenda chuo kikuu, ilitangaza karasha.

Huko chuoni Nashoni alipenda kitu ambacho hakuna mtu kwao angeweza kukipenda. Alipenda semikondakta. Kuna vitu vinavyopitisha umeme, kama waya wa shaba, na kuna vinavyouzuia, kama kioo. Semikondakta imekaa katikati, na ukiichanganya na chembe ndogo sana ya kitu kingine unaweza kuiamuru, leo pitisha, kesho zuia. Simu zinafanya kazi kwa hiyo, na sola pia. Nashoni alikwenda ng'ambo kuisomea, akarudi, akaajiriwa kwenye maabara moja ya utafiti. Kazi yake ikawa kutandika tabaka jembamba la madini mapya juu ya vipande vya silikoni, kuvipika kwenye tanuru, na kutazama kama vitatoa umeme mwingi zaidi kuliko sola za kawaida. Vingi havikutoa. Aliandika kwa nini, akaanza upya, na hiyo ndiyo ilikuwa raha yake.

Raha hiyo ilikatika kila Desemba, alipokwenda kuwasalimia wazee.

"Shikamoo, tata," alimwamkia baba yake.

"Marahaba. Umemwona Kisyeri?" Mzee Nyangwine hakuwa na salamu nyingine. "Mashine yake inasaga mawe mchana kutwa. Na wewe unatengeneza nini huko Dar?"

Mwaka mmoja Nashoni alijitutumua, akatoa kiboksi mfukoni, akamwonyesha baba yake kipande cha silikoni kisichozidi ukucha wa dole gumba. Mzee akakigeuza huku na huku.

"Kinafanya nini?"

"Kikipigwa na jua kinatoa umeme."

"Sola si zipo? Kisyeri anazo mbili juu ya bati."

Nashoni akakirudisha kiboksi mfukoni na kwenda kukaa jikoni kwa mama yake, mtu mzima na ndevu zake, akiwa amenuna. Iliyomuuma si mali. Angepewa karasha bure asingejua aiweke wapi. Alitaka baba yake alitaje jina lake kwa watu walau mara moja, kwa sauti ile ile anayolitajia jina la Kisyeri. Ndilo alilokuwa akilitafuta tangu kitabu cha fizikia, na Kisyeri, kwa mashimo yake na matope yake, alikuwa amelikalia.

Halafu ikaja Krismasi ya pete. Kisyeri alichinja, akaalika watu kwake Nyamongo, na bodaboda zikajaa uani hadi mbuzi wakakosa pa kupita. Watu walipokuwa wameshiba, akasimama.

"Mura, kijana wa kwetu, njoo hapa," akamwita Nashoni. Akatoa pete mfukoni, nene, ya njano, akamvisha. "Huyu ni mhandisi. Ni wa saro yetu. Msije mkasema hatukumwona."

Watu wakapiga makofi. Mzee Nyangwine alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, akitazama viatu vyake. Nashoni alitabasamu kwa midomo tu. Kumbe hata heshima yake lazima imtoke Kisyeri mkononi.

Na hapa ndipo mtu unapotamani umshike msomi huyu umtikise. Kwenye mlango wa maabara palikuwa na onyo kwamba mtu asiingie chumba cha tanuru na chuma wala pambo lolote mkononi, na onyo hilo alilibandika yeye. Silikoni haina msamaha. Chembe ya chuma isiyoonekana kwa macho ikipikwa pamoja nayo inasambaa mwili mzima na kuiua. Nashoni alilijua hilo kuliko mtu yeyote katika jengo lile, na pete hakuivua. Alijiambia kwamba kitu cha saro hakivuliwi hovyo. Ukweli ni kwamba pete ilikuwa imemnogea. Wageni waliomsalimia waliitazama kwanza, ndipo wakamtazama yeye, na sauti zao zikalainika. Akawa anavaa glovu juu yake, basi, akaona imetosha.

Vipande vikaanza kufa. Kabla ya tanuru vilikuwa vizima, vikitoka vilikuwa vinavujisha umeme kama debe bovu. Wafadhili walikuwa wanakuja katikati ya mwaka kuamua kama utafiti wake utajengewa karakana ya kutengeneza sola zenyewe, kitu cha kusimama na kuonekana, kitu ambacho hata mzee wa Nyanungu angeweza kukipiga kofi ubavuni. Alipika upya, vikafa upya. Meza ya pili, vipande vya Sabaha vilikuwa vizima.

Sabaha alikuwa binti wa fundi cherehani wa Tarime mjini, mhandisi mdogo aliyefuata nyayo za Nashoni na kumwita kaka. Wivu ukishazoea kukaa ndani ya mtu hauchagui wa kumwangukia. Nashoni alianza kumtazama kwa pembe ya jicho, mpaka siku moja akamwambia mbele ya wenzao wote, "Nyie wa mjini mnapenda bangili. Labda tuanzie hapo."

Sabaha aliweka kibano chini taratibu. "Bangili zangu ziko Tarime kwa mama, kaka Nashoni. Sijawahi kupanda nazo basi."

Bosi, hata hivyo, alishasikia, akamsimamisha Sabaha asiguse tanuru mpaka ijulikane. Nashoni akapeleka kipande kimoja kilichokufa kwenye mashine inayotambua madini, akiwa na hakika itataja dhahabu ya bangili na Sabaha atakuwa hana pa kujificha. Mashine ikataja shaba, na zinki kidogo. Sabaha hakuwa na bangili mkononi, hakuna kifaa cha shaba katika chumba kile, na pambo pekee lililoingia humo alikuwa nalo yeye mwenyewe kidoleni. Akakaa akiufikiria mkono wake. Akavua glovu ya kushoto, akaipuliza kama puto, na hewa ikatoka kwenye kidole cha pete. Ukingo wa pete ulikuwa umekwangua tundu.

Akaiweka pete yenyewe kwenye mashine. Shaba na zinki, ndani mpaka nje, na juu yake rangi ya dhahabu iliyopakwa kama siagi ya maskini.

Unaweza kudhani alilia. Alicheka peke yake mpaka miwani ikamtoka. Kisyeri hana kitu! Tajiri wa Nyamongo anagawa shaba! Baadaye ndipo alipomkumbuka Sabaha, akaenda kwa bosi na kusema, "Ni pete yangu." Sabaha akarudishiwa tanuru. Wafadhili walipokuja walikuta vipande vizima vya Sabaha tu, na karakana ikaandikwa kwa utafiti wa Sabaha. Nashoni aliumia, ndiyo, lakini alikuwa na kitu kitamu cha kuramba. Akaomba ruhusa akapanda basi la Tarime.

Alipita Nyamongo kwanza, makusudi. Karasha ilikuwa imesimama, majani yameota hadi kwenye mkanda wake. Muuza soda wa jirani akamwambia mashimo ya Kisyeri yalijaa maji zamani, na ng'ombe wameondoka mmoja mmoja kulipia pampu, na bado maji hayajaisha. Nashoni alikunywa soda yake taratibu. Haikuwahi kuwa tamu vile.

Alipofika Nyanungu akanunua mbuzi, akaita wenzake wa saro uani kwa baba yake, Kisyeri akiwemo. Alitaka baba aketi pale pale mbele. Nyama ilipowekwa, Nashoni akasimama, mkono mfukoni, vidole vikiigusa pete.

"Kisyeri," akasema, "kuhusu ile pete uliyonipa."

Kisyeri akarudisha nyama kwenye sinia.

"Ngoja," Mzee Nyangwine akasema. "Kaa, Nashoni. Hilo la pete niseme mimi, nimelibeba vya kutosha." Akakohoa. "Ile pete haikutoka kwa Kisyeri. Ni yangu. Nilitoa yule ng'ombe mwekundu, mama wa zizi. Nikamwambia Kisyeri, wewe unajua dhahabu, chukua huyu, mtengenezee mwanangu pete, na umvishe wewe mbele ya watu."

Hakuna aliyetafuna. Nashoni akasikia mwenyewe akiuliza, "Kwa nini hukunipa wewe, tata?"

"Mimi? Mtu anamsifu mtoto wake mwenyewe? Watu watacheka, watasema mzee anajinadi. Baba yangu hakunisifu hata siku moja. Kwetu unasifu mtoto wa mwenzako, na mwenzako anasifu wako. Nimemsifu Kisyeri tangu alipopata mashine, nikingoja mtu akusifu wewe. Hakuna. Hiyo kazi yako hawaijui, hata mimi siijui. Nikaona nikikaa kungoja nitakufa hujasifiwa. Basi nikamtuma mtu."

Akamgeukia mwanawe. "Ulikuwa unasema nini kuhusu pete?"

Nashoni alimtazama Kisyeri. Kisyeri alikuwa ameinamisha kichwa, jasho limemtoka shingoni, na hakuomba chochote. Ng'ombe mwekundu alikuwa ameishia kwenye pampu. Hilo halikuhitaji mashine kulijua. Hasira ilimpanda Nashoni mpaka masikio yakawaka. Neno lilikuwa moja tu, shaba, na lingemmaliza mtu huyu mbele ya saro nzima, sawasawa na alivyokuwa ameota ndani ya basi tangu Dar. Lakini lisingemwangukia Kisyeri peke yake. Lingepita kwanza kwa mzee aliyemtoa mama wa zizi.

Akaitoa pete mfukoni, akaivaa.

"Nilikuwa nasema asante, tata. Siku ile sikushukuru vizuri."

"Ni dhahabu nzuri?"

"Ni nzuri. Nimeipima mwenyewe kwa mashine."

Mzee Nyangwine akacheka, kicheko ambacho Nashoni hakuwahi kukisikia akichekewa yeye. "Mnamsikia? Nashoni wangu ana mashine ya kupima dhahabu." Akaushika mkono wenye pete, akauinua ili wote waone, na akaendelea kuushika hata watu waliporudi kula. Kisyeri peke yake hakula.