Shahada ya Pili Haichaguliwi kwa Jina

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kila kijana anaponijia na swali kama lako. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwa baba mkubwa kule Rubafu, nimevaa gauni jipya, nimekuja kuaga. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili Dar es Salaam, na kilichobaki kilikuwa baraka zake tu. Huyu baba mkubwa alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, kaka yake tata, yaani baba aliyenizaa, na katika ukoo wetu hakuna aliyeanza safari kubwa bila kupita kwake.

Umenieleza kwenye simu kwamba una vyuo vitatu mbele yako, vyote vya mambo ya kompyuta, kila kimoja kina jina linalong'aa, na marafiki zako wamekwisha kukuchagulia. Basi tulia nikusimulie yaliyonipata mimi.

Wakati ule nilikuwa na shahada ya kwanza ya kompyuta, na nilikuwa nimeajiriwa kitengo cha TEHAMA katika hospitali moja mjini Bukoba. Tulikuwa wachache: mimi, rafiki yangu Advera tuliyesoma naye, na mkuu wetu aliyekuwa anakaribia kustaafu. Ilijulikana wazi kwamba atakayekuwa na shahada ya uongozi wa TEHAMA ndiye atakayekalia kiti chake. Nikaomba, nikakubaliwa. Nilipoonyesha kusitasita kidogo, wenzangu kazini walinicheka. "Mchagua jembe si mkulima," waliniambia. "Shahada ni shahada, wewe nenda."

Nyumbani kwetu Kimwani ndiko habari ilikopokelewa kwa vigelegele. Tata alikuwa mkulima wa migomba na kahawa, mtu wa maneno machache, lakini safari hii alisema mengi. Aliwatangazia watu wa jumuiya yake baada ya sala: "Binti yangu anakwenda kusomea ukubwa." Mbuzi alichinjwa. Kina mama walileta ndizi, wakapika, watu wakala, wakanishika mikono wakaniombea. Mwanangu, ukishaombewa na kijiji kizima, kurudi nyuma si jambo jepesi.

Ndivyo nilivyofika Rubafu kwa baba mkubwa, moyo umejaa. Alinipokea vizuri, akanipa kahawa ya kutafuna kama desturi yetu ilivyo, akaniuliza habari za nyumbani. Kisha akasema:

"Utasoma nini huko?"

"Shahada ya uzamili ya uongozi wa teknolojia ya habari, baba mkubwa."

"Hilo ni jina. Hata paka wangu ana jina. Nimekuuliza, utasoma nini?"

Nikaanza kumweleza kuwa ni shahada inayotafutwa sana siku hizi.

"Inatafutwa na nani?"

"Na watu, baba mkubwa. Na waajiri."

"Na wewe, umeitafuta?"

Ukweli ni kwamba sikuwa nimesoma hata orodha ya masomo yenyewe. Nilijua jina la chuo, nilijua jina la shahada, na nilijua kiti kinachonisubiri. Hayo matatu yalinitosha.

Baba mkubwa hakupandisha sauti. Alikuwa na namna yake ya kukemea, taratibu, kama mtu anayefunga mlango asiamshe mtoto. "Koku," akasema, "siwezi kukubariki uende mahali ambapo wewe mwenyewe hupajui. Huko kutakuwa ni kukusindikiza upotee. Siku utakayoweza kuniambia ukimaliza utakuwa ukiamka asubuhi kufanya nini, rudi hapa. Mkono wangu utakuwa tayari."

Nilirudi mjini na hasira, sikufichi. Nilijisemea kuwa mzee huyu aliacha kufundisha zamani, anajua nini kuhusu kompyuta? Lakini kuondoka bila baraka zake nilishindwa. Na lile swali, waitu jamani, lilinikaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni.

Kulikuwa na bwana mmoja wa Kibeta, Bwana Salim, Mwislamu wa familia ya siku nyingi pale mjini, ambaye alikuwa na shahada ile ile niliyokuwa nakwenda kuisomea, tena kutoka chuo kile kile. Alikuwa mkuu wa TEHAMA katika ofisi moja kubwa. Nilimfahamu kwa kumwona tu, lakini kuuliza si ujinga. Jumamosi nikaenda kwake, nikamkuta anapalilia maharage nyuma ya nyumba. Akanawa mikono, tukakaa barazani, mkewe Bi Mwajuma akatuletea chai.

"Dada, uliza tu unachotaka," akasema Bwana Salim. "Mimi nilipokwenda hakuna aliyenieleza chochote."

Nikamuuliza swali la baba mkubwa kama lilivyo: akiamka asubuhi anakwenda kufanya nini?

Akacheka kwanza, kisha akafikiri. "Asubuhi vikao. Mchana ripoti, bajeti, mikataba ya wanaotuuzia vifaa. Jioni napatanisha vijana wangu waliogombana. Programu sijaandika hata mstari tangu nihitimu."

"Huyu!" akadakia Bi Mwajuma. "Hata redio ya hapa nyumbani ikigoma anaita fundi."

Tukacheka wote. Bwana Salim hakuona aibu yoyote. "Naipenda kazi yangu," akaendelea. "Napenda kukaa na watu, kupanga, kuona jambo limekwenda kwa sababu nimewaweka watu sahihi pamoja. Shahada ile ilinifundisha hayo, na ilinifundisha vizuri. Sasa wewe niambie, ni siku gani kazini ulifurahi mpaka ukasahau kula?"

Siku hiyo niliijua papo hapo. Ilikuwa siku nilipomaliza programu ndogo niliyoiandika mwenyewe, ya kuwasaidia manesi kupata kumbukumbu za mgonjwa aliyewahi kutibiwa kwetu. Kabla ya hapo mama aliyetoka mbali na mtoto mgonjwa angeweza kungoja nusu ya siku, faili lake likitafutwa makabatini. Nilisimama pale kwenye dirisha la mapokezi nikaona mama wa kwanza anahudumiwa mara moja, na nikajisikia kama niliyepewa zawadi. Lakini vikao, mwanangu! Vikao vilikuwa vinanichosha kuliko kulima.

Nilimweleza Bwana Salim. Akatikisa kichwa polepole. "Basi hiyo unayokwenda kusoma ni nzuri, ila si yako."

Nikaanza upya. Safari hii nilisoma masomo yenyewe, moja baada ya jingine. Nikagundua kuna shahada ya mifumo ya taarifa za afya, katika chuo kisicho na jina kubwa, chenye walimu waliokuwa wakifanya kazi ile ile niliyoipenda. Tatizo ni kwamba maombi ya mwaka huo yalikuwa yamefungwa. Ilinibidi kungoja mwaka mzima, na kiti cha mkuu kisingeningoja.

Lililokuwa gumu kuliko yote ni kumwambia tata. Nilimkuta kibanjani, kwenye shamba lake, anapunguza majani makavu ya migomba. Nilimweleza yote, na yeye akaendelea kukata, jani baada ya jani, hadi nilipomaliza.

"Nimekwisha kuwaambia watu," akasema.

"Najua, tata."

"Walikuombea. Sasa nitawaambia nini?"

"Waambie binti yako bado atasoma, ila amegundua alikuwa anakwenda njia isiyo yake."

Siku zilizofuata alinipita kimya, akisalimiwa anaitikia na kwenda zake. Mama alinisihi nibadili mawazo, nami karibu nibadili. Usidhani nilikuwa shujaa, nililia. Kisha Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, nilimsikia tata akiulizwa, "Vipi, msomi bado hajaondoka?" Tata akavua kofia, akajibu: "Hajaondoka. Ameona afadhali achelewe kuliko apotee. Nami nimeona hivyo." Hakunitazama. Lakini tulirudi nyumbani tukiongozana, na njiani akaniuliza hizo taarifa za afya ni kitu gani hasa. Nikamweleza hadi tulipofika.

Nilikwenda tena Rubafu, nikamweleza baba mkubwa nitakuwa nikiamka kufanya nini. Akasikiliza mpaka mwisho, akaweka mkono kichwani pangu, akanibariki.

Kiti cha mkuu alikikalia Advera, aliyekwenda kusoma shahada ile niliyoiacha. Nilipomaliza masomo yangu na kurudi, rafiki yangu alikuwa bosi wangu. Iliniuma kidogo mwanzoni, sisemi uongo. Lakini Advera alizaliwa kuongoza, na hospitali ilinufaika naye. Mimi nilipewa kazi ya kutengeneza mfumo wa kumbukumbu za zahanati, mpaka zile za visiwani upande wa Muleba. Nikapanda boti, nikalala kwa wenyeji, nikakaa na manesi nikiwauliza kinachowasumbua. Nimeifanya kazi hiyo hadi nywele zimeota mvi, na asubuhi sijawahi kuamka nikiichukia.

Sasa sikia, mwanangu. Kila mwamba ngoma huivutia kwake. Aliyesoma usalama wa mitandao atakuambia hiyo ndiyo shahada, wa takwimu atakuambia yake, na anayeuza nafasi za chuo atakusifia chuo chake. Wasikilize wote kwa adabu, kisha soma masomo yenyewe, yaliyoandikwa chini ya lile jina kubwa. Ujue kama utakuwa unafanya utafiti au unakaa darasani, na walimu wako ni kina nani. Hakikisha chuo kinatambuliwa, maana wapo waliorudi na vyeti ambavyo hakuna anayevipokea. Mtafute aliyehitimu pale, umuulize siku yake inavyokwenda. Na usimuulize anayeringa tu, muulize na aliyejuta. Zaidi ya yote jiulize wewe unapenda kuongoza watu, kujenga mifumo, au kuchimbua maswali. Hakuna jibu lililo bora kuliko jingine, ila lako ni moja. Na ikibidi kungoja mwaka, ngoja. Mwenda pole hajikwai. Wazazi wako wakinuna, wavumilie na uendelee kuwaeleza, maana wananuna kwa kukupenda.

Sitakuchagulia kati ya hivyo vyuo vitatu. Nenda ukatafute jibu, kisha uje tukae tuzungumze.

Mungu akupe akili tulivu na marafiki wakweli. Akuweke mbele ya walimu wanaopenda wanachofundisha. Ulichokisoma kiwafae wengine kabla hakijakufaa wewe, na siku utakayorudi utukute wote tukiwa wazima. Nenda salama, mwanangu.