Shingo Hii Ni Yangu

Aliyekuwa wa kwanza kuuona uvimbe wangu hakuwa daktari. Alikuwa mchuuzi wa dagaa kutoka visiwa vya Muleba, amenizidi miaka kama sita, na katika ufundishaji wangu wote sijapata mwanafunzi mbishi kama yeye.

Nafundisha akina mama kusoma Kurani, mtaa wa Bilele hapa Bukoba, kwenye chumba cha mbele cha nyumba aliyotuachia baba. Tunaanza baada ya sala ya adhuhuri, siku nne kwa wiki. Wengi wao ni watu wazima waliokosa madrasa utotoni, na herufi zinazowatesa ni zile zinazotoka kooni. Siku ile tulikuwa kwenye herufi ain. Mchuuzi wa dagaa aliitamka kama mtu anayesukumwa, mara ya kumi sasa, nikamwambia aweke vidole shingoni mwangu asikie sauti inaanzia wapi.

Akaweka. Nikatamka. Badala ya kunifuatisha, akabonyeza.

"Ustadhati, hapa kuna kitu."

"Hilo ni koromeo. Tamka."

"Koromeo liko katikati. Hiki kiko pembeni. Hebu meza mate."

Nikameza.

"Kimepanda," akasema. "Kimeshuka."

Darasa zima likainuka kuja kugusa, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na maoni yake. Mmoja akasema ni rovu. Mwingine akasema ni baridi ya ziwa. Wa tatu, kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo niliisikia, akasema ni kijicho cha watu kwa sababu ya kisomo changu. Nikawaambia wakae chini, tukaendelea na somo. Jioni nilisimama mbele ya kioo bila mtandio, nikameza mate mpaka mdomo ukakauka. Kweli kilikuwepo.

Hospitalini walinipaka jeli ya baridi shingoni, wakanipitishia kifaa cha ultrasaundi. Mpimaji alinieleza kwamba tezi ya shingo imekaa kama kipepeo chini ya koromeo, na kwamba kwenye bawa langu la kushoto kuna kinundu kimoja, ukubwa wa tunda la kahawa. Damu ikapimwa, ikaonekana tezi inafanya kazi yake vizuri. Nikayapeleka majibu kwenye kliniki moja niliyoelekezwa na jirani. Daktari wa pale aliyatazama kwa muda mfupi kuliko ule niliotumia kuvua viatu.

"Tunaitoa tezi yote," akasema.

"Ni saratani?"

"Bado hatujui."

"Sasa mnatoa tezi nzima kwa kitu msichokijua?"

"Mama, maswali mengi hayatakusaidia."

Nilichukua karatasi zangu nikaondoka. Nilikuwa nimezoea kuwaheshimu watu wenye koti jeupe kama ninavyowaheshimu masheikh, na hapo ndipo nilipogundua kwamba hata masheikh huwa nawauliza.

Kaka yangu anakaa Ijuganyondo, kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa. Ndiye aliyenilea baba alipofariki. Alinipeleka shule akiwa mwenyewe kijana, na nilipoachika ni yeye aliyekuja kubeba vitu vyangu bila kuniuliza kosa lilikuwa la nani. Kwa hiyo nilimweleza ya kliniki, na aliponipigia simu siku mbili baadaye, nilipokea kwa shikamoo na moyo mweupe.

"Nimeshaongea na mtu Dar," akasema. "Wiki ijayo unasafiri. Wanatoa yote, mambo yanaisha."

"Kaka, umeongea na nani kuhusu shingo yangu?"

"Mtu anayejua."

"Anajua nini? Hata mimi sijajua."

"Usianze ubishi wako. Hii si ain na ghain."

"Sitasafiri," nikamwambia. "Kwanza narudi hospitalini nichomwe sindano, wavute chembechembe za kinundu wazipime. Halafu tutaongea."

Akakata simu. Maishani mwangu kaka hakuwahi kunikatia simu. Nilikaa nimeishika, nikaona aibu kama msichana mdogo. Aibu ilipopita ikaja hasira, na hasira ndiyo iliyonisaidia kulala.

Sindano ya kwanza nilichomwa hapa Bukoba. Haiumi kama wanavyosema. Linaloumiza ni kukatazwa kumeza mate wakati sindano iko ndani, kwa sababu ukikatazwa, koo zima linataka kumeza tu. Nilisubiri wiki mbili. Majibu yakaja kwamba kilichovutwa kilikuwa damu tupu, hakuna cha kusoma. Nikaambiwa nirudie, safari hii Mwanza, ambako sindano inaongozwa na ultrasaundi ili ifike penyewe.

Wiki hizo mbili zilinitosha kujua watu wangu. Walikuja na asali, na mafuta, na maji yaliyosomewa. Niliyanywa maji na nikasema amina kwa kila dua. Lakini jirani mmoja aliponiambia kwamba ningekuwa na imani ya kweli nisingehangaika na sindano, nilimfungulia mlango wa kutokea, nikasimama pembeni yake mpaka akaelewa. Sijamwomba radhi hadi leo.

Kwenda Mwanza nilisindikizwa na mchuuzi wa dagaa. Alisema ana shughuli zake huko, nami nikajifanya nimeamini. Njiani tulishuka Kimwani tukalala kwa mama, ambaye alirudi shambani kwao baada ya baba kufariki. Mama ana mahindi, maharage na migomba, na mgongo uliopinda, na hataki kusikia habari za kuhamia mjini.

Yeye hakutaka nikatwe hata kidogo. Alinipakulia ebitoke, zile ndizi zetu za kupika, na maharage, akakaa kwenye mkeka mbele yangu, akaniambia kwa Kihaya kwamba shangazi zangu wawili walikuwa na rovu wakazeeka nalo. Halafu akawa anachambua maharage ambayo yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa.

"Dada yangu pia alikuwa nalo," akasema mwishowe.

Nilimkumbuka mama mkubwa huyo. Alikuwa na alama nyeusi shingoni, mistari mifupi mifupi, na sisi watoto tulidhani ni urembo wa zamani.

"Ule si urembo, waitu mwanangu," mama akasema. "Wanaume walikaa wakaamua apelekwe kuchanjwa kwa wembe. Alilia njia nzima. Rovu lilibaki pale pale, na zile chale zikabaki. Hakuna aliyemuuliza."

"Mimi nitajiuliza mwenyewe, mama."

"Jiulize vizuri basi," akasema, akamgeukia mgeni wangu kumuuliza kama dagaa wa mwaka huu wana mchanga.

Daktari bingwa wa upasuaji kule Mwanza alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, mdogo kwangu kwa umri. Sindano ya pili ilipata chembechembe za kutosha. Tuliporudi kwake kwa majibu, aligeuza kiti chake kutoka kwenye kompyuta akanitazama mimi.

"Majibu yamekuja katikati," akasema. "Chembechembe zako si za kawaida kabisa, lakini sina ushahidi wa kuziita saratani. Sindano haiwezi kunieleza zaidi ya hapo."

"Kwa hiyo?"

"Tunaweza kusubiri, tukapima tena baada ya miezi sita. Tunaweza kutoa upande wa kushoto peke yake, tukaupeleka maabara mzima, hapo tutajua kwa uhakika. Au tunatoa tezi yote. Tukitoa yote, utameza vidonge kila asubuhi maisha yako yote."

Nilikuwa nimeandika maswali kwenye daftari la darasani. Nikalifungua. Mchuuzi wa dagaa akasogeza kiti kama mtu anayeingia mnadani.

"Sauti yangu itakuwaje?"

"Mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita nyuma ya tezi. Naufuata kwa uangalifu. Lakini unaweza kuchubuka, na sauti ikakwama kwa wiki au miezi. Mara chache hairudi kama zamani."

"Kuna uliyemfanyia wewe, haikurudi?"

Alivua miwani. Nilidhani amekasirika.

"Yupo mmoja," akasema. "Namkumbuka. Wewe sauti unaitumia kwa nini?"

"Nafundisha kusoma Kurani."

"Basi kabla ya lolote tutazitazama nyuzi zako za sauti kwa kamera. Na usinijibu leo. Nenda nyumbani."

Hilo neno la mwisho ndilo lililonifanya nimwamini. Wengine wote walitaka niseme ndiyo kabla sijasimama.

Tulikutana Ijuganyondo, uani kwa kaka. Mama aliletwa kutoka Kimwani, amevaa khanga mpya kana kwamba tunapokea posa. Nilisema nimechagua kutoa upande mmoja, na nitafanyiwa upasuaji baada ya Ramadhani, akina mama wangu wakishahitimu juzuu waliyoianza.

"Nusu?" kaka akapandisha sauti. "Wakute ni saratani, urudi kukatwa tena? Hiyo ni akili gani?"

Hapo alikuwa na hoja, nami sikuificha.

"Wakiikuta, nitarudi," nikasema. "Nitakatwa mara mbili nikijua kwa nini. Kuliko kutolewa yote leo kwa ugonjwa ambao labda sina, halafu nianze kuzunguka maduka ya dawa Bukoba nzima siku vidonge vikikosekana."

"Na mimi nimesema aache kabisa," mama akaingilia.

"Mama, kuacha sitaweza. Kila nikimeza mate nakipima. Nimeshachoka kukipima."

"Mimi ndiye mkubwa hapa," kaka akasema.

"Ndiyo, kaka. Na nakuomba uje ukae na mimi hospitali. Lakini hukumu ya shingo hii sikupi. Hii ni yangu."

Sikuwahi kumwambia neno kama hilo. Alinyanyuka akaenda kwenye migomba, tukamsikia akikata majani makavu kwa nguvu ambazo hazikuhitajika. Aliporudi alikuwa na mkungu begani. Akauweka karibu na kiti changu, akauliza tarehe.

Alikuja. Nilipozinduka yeye alikuwa ameketi kando ya kitanda, viatu vyake vya sikukuu miguuni. Nesi akaniambia nitaje jina langu. Nikafungua mdomo, ikatoka pumzi tu, kama mpira wa baiskeli uliotoboka. Kaka akageukia dirisha, akakaa hivyo muda mrefu, mabega yakitikisika. Nilitaka kumwambia anyamaze, asinilie kama maiti. Nikaomba kalamu kwa ishara, nikaandika: *Nipo. Geuka.*

Akageuka.

Sauti ilikwama zaidi ya miezi miwili. Sikufunga darasa. Nilikaa mbele na fimbo ya kuonyeshea; mchuuzi wa dagaa akasoma kwa niaba yangu, na akikosea nagonga meza. Aligongewa meza sana, akajua zaidi katika miezi ile kuliko miaka miwili iliyotangulia. Waliokuja kunipa pole waliniambia nina bahati, kovu litafichwa na mtandio. Tulipokuwa wanawake peke yetu niliuvua nikawaonyesha. Sikuiba shingo hii mahali.

Majibu ya maabara yalikuja kabla sauti haijarudi. Haikuwa saratani. Nilisujudu pale pale sakafuni, sikungoja kutandika mswala. Halafu kila mtu akawa mshindi. Mama akasema, si nilikuambia uache. Kaka akasema, basi hata nusu ilikuwa ya nini. Yule jirani niliyemfungulia mlango, nasikia, alisema ni yale maji yaliyosomewa. Niliwaacha. Wao walikuwa wanahesabu nani alisema nini. Mimi nilikuwa nalala usiku kucha bila kupeleka mkono shingoni. Upande uliobaki unafanya kazi ya pande mbili, vidonge simezi, na kila mwaka nakwenda Mwanza wanaupima.

Sauti imerudi, lakini haikurudi yote. Chini ina mkwaruzo, na mahali pa kuvuta kwa muda mrefu huwa inakatika. Mwaka ule ule wa upasuaji, kwenye maulidi ya akina mama ambayo nimeyafungua kwa kisomo tangu nikiwa msichana, waandaaji waliniita pembeni kwa upole. Walisema wamempata msomaji mwingine, nipumzike, wamenipangia kugawa halua.

"Mmeniona mgonjwa?" nikauliza.

"Hapana, ustadhati. Ni sauti tu. Watu wamezoea ile ya zamani."

"Basi waizoee hii."

Nikaenda kukaa kwenye kiti changu, nikafungua msahafu. Hakuna aliyenizuia. Aya ya pili, kwenye kuvuta, sauti ikakatika katikati kabisa. Nikasikia feni. Nilingoja pumzi ikae, nikarudi mwanzo wa aya, nikaigawa mara mbili pale inaporuhusiwa kusimama, nikaendelea na ile sauti yenye mkwaruzo mpaka mwisho. Sikuharakisha hata neno moja. Halafu nikafunga msahafu, nikaomba chai.