Koti la Harusi za Mtaa Mzima

Enzi zetu Temeke, usafi wa Idi haukuwa wa kupitisha ufagio na kupulizia marashi. Nyumba ilitolewa nje. Nyumba nzima: vitanda, masanduku, kabati la vyombo, godoro la sufi, mpaka ile sufuria iliyotoboka ambayo Mama aliificha mwaka mzima. Kila kitu kilikaa uwanjani, jua likipige na kila apitaye akione. Sisi watoto tulipewa fimbo tulichape godoro, na tulilichapa kwa moyo wote, maana siku nyingine fimbo hizo zilikuwa zetu. Vitanda vikamwagiwa maji ya moto kunguni watoke, kuta zikapakwa chokaa, nasi tukapakika mpaka nyusi. Harufu ya chokaa mbichi ikichanganyika na futari jikoni, hata leo nikiikumbuka nasikia njaa. Watoto wa siku hizi ukiwaambia wafagie uvungu wanashika kiuno utadhani wameshinda bandarini wakipakua magunia.

Usafi huo ulikuwa na vita yake kila mwaka, kati ya wazazi wangu. Baba, mtu wa Lindi, hakutupa kitu. Redio iliyokufa, mbavu za mwavuli, kiatu kisicho na mwenzake, vyote alivirudisha ndani akisema, "Akiba haiozi."

"Haiozi," Mama alimjibu, "lakini inazaa mende."

Mwaka mmoja Mama alichoka. Baba yuko kazini, akapita muuza vyombo, mabeseni yamepandana kichwani, anaita, "Mali kwa maliii! Nguo kuukuu kwa vyombo!" Mama akalichomoa koti la kijivu la Baba kwenye kamba, akampa, naye akapewa beseni kubwa la bluu. Alivyofurahi! Hapo hapo akaloweka mapazia.

Hata povu halijakolea, akafika Saidi, kijana wa nyumba ya pili, aliyekuwa anaoa Idi pili.

"Shikamoo mama. Mzee kaniambia nilifuate lile koti leo, nilijaribu."

Mama alikaa kwenye mbuzi ya nazi bila kutazama anakalia nini. Koti lile halikuwa la Baba peke yake. Yeye alioa nalo, wadogo zake wakaoa nalo, na karibu kila bwana harusi wa mtaa wetu alilivaa juu ya kanzu yake. Kanzu kila mtu alikuwa nayo, koti lilikuwa hilo moja. Posa ikikubaliwa tu, mtu anakuja kwetu kuliwekea nafasi. Mama aliyajua hayo kuliko yeyote, ila hasira za takataka zilimfumba macho.

"Saidi mwanangu," alisema, "koti limetoka kidogo."

"Limetoka limekwenda wapi, mama?"

Tukatimua mbio. Saidi mbele, Mama na beseni lake likichuruzika, mie nyuma nimetwishwa mapazia mabichi. Tulimkuta muuza vyombo mtaa wa nyuma, amelivaa koti juani, anajigeuza mbele ya kabati la kioo la watu, maana nao walikuwa wametoa vyombo nje.

"Mama, biashara imeshakwisha hiyo," alisema akifunga vifungo. "Halafu na mie naoa, mwezi ujao."

Saidi alikaribia kulia. Aende ukweni na kanzu tupu? Mama akamtazama yule kaka, akamtazama Saidi, akaweka beseni chini.

"Basi mpe mwenzio aoe kwanza. Mwezi ujao njoo nyumbani uliazime, kama wenzako wote."

Akalivua, akachukua beseni lake. Na kweli mwezi uliofuata alikuja, na lile beseni la bluu akamletea Mama kwa asante. Tulimchezea harusi yake kama ndugu. Ila jioni ya siku ile ya mbio, Baba alisimuliwa yote. Alirudisha ndani hata kile kiatu, na Mama akamshikia mlango.

Leo nakaa Kinondoni, nina ukuta na geti. Binti yangu amejifunza kwenye simu kwamba kitu ambacho hujakigusa mwaka mzima, toa. Kwa sheria hiyo vijana wa mtaa wetu wangezeeka makapera. Nguo zangu za zamani anazifunga kwenye mfuko, gari la taka linapita, basi. Nani alikuwa anazihitaji, hatujui. Naumia, nasema kweli.

Idi iliyopita nikaamua kufanya kizamani. Nikatoa kila kitu nje ya geti, makochi, mazulia, makabati, nikayaacha juani. Jirani tunayechangia naye ukuta, ambaye hatujawahi kuzungumza naye zaidi ya salamu, akafungua geti lake akachungulia.

"Shikamoo mama. Kwani mnahama?"

"Marahaba. Hatuhami, nafanya usafi wa Idi."

"Ahaa," akasema, akafunga geti.

Nikabaki nimesimama katikati ya makabati yangu, natamani arudi aniulize kama kuna kitu anaweza kuazima.