Nilimuuza Aliyenipa Kondoo

Nimekosa. Sitaanza kwa kujitetea, maana nimejitetea vya kutosha nikiwa peke yangu na haijanisaidia. Nilimuuza kijana aliyenipenda, nikamwacha mwingine abebe lawama yangu, na mpaka leo nakata nyama na kucheka na wateja kana kwamba sijafanya kitu.

Mimi niko na bucha hapa Kitengela. Wazazi wangu walitoka Murang'a, mimi nikazaliwa hapahapa, na baada ya familia yangu kitu nilichokipenda kuliko vyote ni timu yetu ya vijana. Sizungumzii zile za Ulaya za kwenye runinga. Nazungumzia timu ya mtaani, ya uwanja wa vumbi, ambapo ng'ombe wakipita refa anapuliza filimbi na wote tunangoja. Jumamosi za mechi nilifunga bucha adhuhuri. Mke wangu alinuna mpaka akachoka kununa.

Mshambuliaji wetu nitamwita Lemayian, ingawa si jina lake. Baba yake ameniuzia mbuzi na kondoo kwa miaka mingi. Kijana alipokuwa bado anacheza na raba zilizopasuka, nilimnunulia njumu. Wala sikulifikiria sana jambo hilo. Lakini alipokuja kukomaa na kufunga mabao matatu katika mechi moja, kesho yake asubuhi nilimkuta nje ya bucha ameshika kondoo jike.

"Huyu ni wako," akaniambia. "Si wa kuuza na si wa kisu."

"Sasa mtu wa bucha atafanya nini na kondoo asiyemchinja?"

"Atafuga. Na kuanzia leo usiniite jina langu. Niite Pakerr. Na mimi nitakuita hivyohivyo."

Kwao Wamaasai ndivyo ilivyo. Mtu akikupa kondoo, mnaacha kuitana majina yenu ya kawaida, kila mmoja anakuwa Pakerr wa mwenzake, na mnakaa hivyo maisha yenu yote. Nilimjengea yule kondoo kibanda nyuma ya nyumba. Ndiye mnyama pekee aliyewahi kuletwa kwangu akabaki hai. Wenye bucha wenzangu walinicheka, lakini moyoni nilijiona mtu mkubwa kweli. Uwanja mzima unamshangilia Lemayian, na mimi ndiye Pakerr wake!

Sasa sikieni uchafu wenyewe. Lemayian alikuwa amepita umri wa ligi ile. Ni ligi ya vijana wa chini ya miaka ishirini, na karatasi zake zilisema ana kumi na minane. Nilijua ni uongo. Nilikula nyama kwenye sherehe yake ya tohara, ambayo kwao hufanywa kijana akishabalehe, wiki ileile mke wangu alipojifungua binti yetu wa mwisho, na binti huyo sasa yuko gredi ya nne. Kocha naye alijua, kwa sababu ndiye aliyezitengeneza hizo karatasi.

Je, dhamiri ilinisumbua? Ilinisumbua kidogo. Nilikuwa nikiona vitoto vya timu nyingine vinagonga kifua chake na kuanguka chali, na kitu kinanichoma. Halafu bao linaingia, na mimi huyo nimerukia mtu nisiyemjua, namkumbatia. Jioni nikimwambia mke wangu, nasema, "Si timu zote zinafanya hivyo?"

Ukafika msimu wa mchujo. Tukapangwa na timu ya Rongai, na atakayeshinda anakwenda kuwakilisha kaunti. Mkondo wa kwanza ulikuwa kwetu. Wakatufunga moja mapema, tukahangaika mpaka dakika za mwisho, na tukapata penalti.

Lemayian akaweka mpira. Kabla ya kupiga, akageuka pale nilipokuwa nimesimama na vuvuzela yangu, akanitazama, akatabasamu. Kisha akapiga juu, mpira ukaenda kutua kwa mbuzi wa watu.

Lile tabasamu lilinikera kuliko hata ile penalti. Nilijiambia anacheza na roho zetu. Nilijiambia amezoea kubembelezwa, amevimba kichwa. Nilirudi bucha nikiwa nimefura kwa hasira.

Jioni hiyo akaja jamaa mmoja wa Kware, kule Rongai, mshabiki sugu wa timu ya Rongai, na wenzake wawili. Tunajuana, ni mteja wangu kila akija huku. Wakaagiza choma, wakaanza kunitania.

"Boss, huyo star wenu anapiga penalti kama baba ya watoto watatu."

"Na ako na miaka ya kuwa nao," nikasema.

Wakacheka. Mimi nikaona nimechekesha, nikaongeza. "Ukiamini karatasi zake, basi alipashwa tohara akiwa na miaka tisa. Na mimi nilikuwa huko. Nilikula nyama."

Wenzake waliendelea kucheka. Yeye aliacha kutafuna.

"Na primary alisomea wapi?" akauliza, polepole, kama mtu anayeuliza bei tu.

Nikamtajia shule.

Ningependa kuwaambia kwamba ulimi uliteleza, lakini nitakuwa nawadanganya. Nilimwona ameacha kutafuna. Nilijua kwa nini anauliza. Ningeweza kusema sikumbuki, ningeweza kugeuka na kwenda kukata nyama. Nilitaka kumuumiza yule kijana, walau kwa jioni moja, na nikamwaga mtama wote.

Asubuhi hasira ilikuwa imeisha, na hofu ikaingia. Nikajipa moyo kwamba ni maneno ya mezani, watasahau.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Rongai kwa marudiano. Lemayian alifunga mawili peke yake. Mawili! Tukawa tumepita. Mashabiki tuliingia uwanjani, na mimi, mimi huyuhuyu, nikawa mmoja wa waliombeba begani. Akainama akanisemesha sikioni.

"Pakerr, ile penalti ilininyima usingizi. Hizi mbili ni zako."

Nililia, na watu wakadhani nalia kwa furaha.

Kabla wiki haijaisha, malalamiko yalikuwa yamefika kwa wenye ligi. Walikwenda mpaka shuleni kwake wakauliza, na rejista ikaonyesha umri wake halisi. Timu yetu ikaondolewa, Rongai wakapewa nafasi, kocha akafungiwa na Lemayian akafungiwa. Kulikuwa na klabu moja Nairobi, ya watu wazima, ambayo ilikuwa imeahidi kumchukua baada ya mchujo. Huko asingehitaji kudanganya umri wala kitu kingine. Baada ya habari kutoka, hawakushika simu yake tena.

Tukaitwa mkutano uwanjani, wachezaji na mashabiki. Swali lilikuwa moja tu: nani alisema?

Kocha akamnyooshea kidole Mutiso, mshambuliaji wa akiba. Eti shangazi yake anaishi Rongai. Eti alikuwa anataka namba ya Lemayian. Mutiso akaapa kwa mama yake kwamba hajui chochote. Watu wakanigeukia mimi, mzee wa mashabiki.

"Mzee, wewe unaonaje?"

Nilikuwa na nafasi yangu hapo. Ilikuwa mbele yangu kabisa. Nikasema, "Mtu wa kukaa benchi huwa na uchungu wake."

Basi. Maneno hayo ndiyo yaliyommaliza. Mutiso alivua jezi, akaikunja vizuri, akaiweka chini na kuondoka. Hakuna aliyemwita. Na huyo ndiye aliyekuwa na umri halali wa ligi! Yeye ndiye aliyekaa benchi msimu mzima ili mtu mzima acheze mahali pake, na sisi tukashangilia.

Hapa ndipo ninapochanganyikiwa mpaka leo. Lemayian alikuwa anakosea, na mtu alipaswa kusema. Kama ningesema kwa ajili ya Mutiso, tena mwanzoni mwa msimu, ningekuwa nimefanya jambo la maana. Lakini mimi nilisema kwa sababu ya penalti. Angeifunga ile penalti, ningeendelea kumficha na kujisifu kwamba ni Pakerr wangu.

Siku hizi Mutiso anapakia mawe ya ujenzi kwenye malori. Hachezi popote. Nilikutana naye juzi, akanisalimia kwa heshima, "Shikamoo mzee," na mimi nikaitikia na kuharakisha kana kwamba nimechelewa mahali.

Lemayian naye amechukua kazi ya baba yake ya kuuza mifugo. Kila wiki anasimama mlangoni pa bucha na kondoo zake, tunasalimiana kwa Kimaasai.

"Supa, Pakerr."

"Supa oleng, Pakerr."

Ananiuliza hali ya yule jike. Namwambia amezaa, ana wana wawili sasa. Anafurahi kweli, macho yanamng'aa kama zamani. Wiki iliyopita akaniambia, bila kupaza sauti, "Huyo Mutiso nikipatana na yeye mahali, Pakerr, sijui nitamfanyia nini." Nilijifanya nanoa kisu.

Usiku ule sikulala, na ndiyo sababu naandika. Kuona kwamba nimewaharibia vijana hawa maisha kumenitosha. Nikinyamaza na hawa wawili waje kuumizana, nitajificha wapi?

Mechi siendi tena. Vuvuzela nilimpa mtoto wa jirani. Mke wangu anadhani ni uzee. Nikisikia kelele za bao kutoka uwanjani, naongeza sauti ya redio.

Wewe unayesoma haya na una timu yako, nakuomba, mchezaji wako akikosea, mwambie siku ambayo anakufungia mabao. Ukinyamaza wakati wa raha, usije ukajifanya mtu wa haki siku umeshindwa, maana hapo unalipiza tu. Na kama mdomo wako umeshaharibu, usimwache mwingine alipe kwa niaba yako.

Jina langu sijaliandika, na sina ujasiri wa kuliandika. Lakini habari ya kondoo nimeiweka makusudi. Kitengela yote hakuna mtu mwingine wa bucha anayefuga kondoo ambaye hawezi kumchinja, na kuna mtu mmoja anayejua vizuri kwa nini.

Pakerr, ni mimi. Mutiso hakusema neno. Kondoo wako yuko nyuma ya nyumba na wanawe wawili, na kamba iko mlangoni. Ukija kuwachukua, utaniita kwa jina langu.