Feni isiyo na kelele imenichongea kwa mama mkwe

Jamani, kimya nacho kina hasara zake.

Mnajua nahariri video za harusi hapa nyumbani. Feni ya kadi ya grafiki kwenye kompyuta yangu ilikuwa inanguruma mpaka mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Mkuyuni, akauliza: "Baba, humo ndani unakoboa mpunga?"

Aibu!

Leo asubuhi nikaenda dukani mjini. Muuzaji akanionyesha feni yenye taa za rangi kama ukumbi wa sherehe.
"Kaka, mi nataka isiyosikika."
Akanipa nyingine, pana, sura mbaya, inazunguka polepole.

Mchana nikaifunga. Kimya kabisa, huwezi kujua kama kompyuta inawaka.

Mke wangu akaingia chumbani. Nikamuuliza kwa sauti ile ile niliyozoea kushindana na feni:
"Hivi mama yako anaondoka lini? Nimechoka kuvaa suruali ndani ya nyumba yangu!"

Mke wangu akajiziba mdomo.

Mama mkwe akajibu kutoka sebuleni, kwa upole kabisa:
"Jumatatu, baba. Lakini vaa tu bukta yako, wanaume nimelea wengi."

Mpaka sasa niko chumbani, na mkojo umenibana.

Mliooa, natokaje humu?