Gia ya baiskeli ya Papa Neema

Leo baiskeli ya Papa Neema ilikuwa haina gia ya mbele.

Gia ilikuwa kwangu, hapa kambini Juru, imefungwa kwa nati kwenye chombo chetu cha kugawa duara sehemu sawasawa. Mimi na yeye tunapenda kuchezea vyuma tu. Meno ya gia ya baiskeli yameachana sawasawa, basi tunapimia pale tukichonga gia ingine kwa chuma cha kununua mujini Mbarara. Kila jioni tunairudisha. Jana tulifurahi mingi na kuchonga, tukasahau kuirudisha.

Asubuhi akafika mbio. Neema, mutoto wake, anawaka homa.

Nati ikagoma. Niliikaza mimi mwenyewe.

"Acha, nitasukuma."

Akapandisha mutoto kwa kiti cha nyuma, mama ya mutoto anamushikilia, bakaenda kwa miguu njia yote ya kituo cha afya.

Nati ilipolegea nikabakimbilia na gia mukononi.

Nikabakuta banarudi, banasukuma polepole. Neema amefunikwa kitenge mpaka uso.

Papa Neema akaangalia ile gia.

"Ile tulichonga jana, kweli ilikatika muzuri?"

Wapendwa, ninyi mungejibu nini?

Mimi nilisema ndiyo. Na kweli, ilikatika muzuri sana.