Isale Nililompelekea Manka

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana sijawahi kuona haya kama siku ile. Nilikuwa mwalimu kijana wa Kiingereza kule Masama, suruali imenyooshwa, na kiburi nacho kimenyooshwa. Nikawaambia wanafunzi kwamba "loose" maana yake ni kupoteza. Manka, binti wa kidato cha pili, akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu. Kupoteza ni 'lose'. Hilo lako ni kulegea, kama kamba ya ng'ombe ikilegea."

Darasa likacheka. Badala ya kufungua kamusi iliyokuwa mezani, nikamtoa nje asimame kwenye manyunyu mpaka kengele. Baadaye nikaifungua peke yangu, nikakuta mtoto yuko sahihi. Nikaifunga, nikanyamaza. Kesho yake Manka hakuja, wala keshokutwa. Mama yake akatuma neno kwamba binti amesema shule basi, hawezi kuadhibiwa kwa kusema kweli.

Nilikuwa naishi na bibi yangu, mkulima wa kahawa na migomba, asiyejua Kiingereza hata cha salamu. Nikamsimulia, nikitaka anionee huruma.

"Mtoto alisema kweli?"

"Ndiyo, bibi."

"Sasa mbona umekaa?"

Akachukua panga, akaenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la nyumbani, akakata isale. Nyinyi mliokulia mjini mnauona tu ule mmea wa mipakani. Kwetu, aliyekosa akikuletea jani lake kuomba radhi, humkatalii. Nikasema mkubwa hapeleki isale kwa mtoto.

"Basi ungemkosea mkubwa mwenzako," akajibu, akanipa.

Nikapanda kilima na jani mkononi, kila ninayempita akilitazama. Nilimkuta Manka akimkatia ng'ombe majani ya mgomba. Akaniamkia shikamoo, akatazama chini. Mbele ya mama yake nikasema, "Ulikuwa sahihi, Manka. Mimi nimekosa. Nisamehe, urudi shule." Akafuta mikono kwenye kanga, akalipokea kwa mikono miwili, bila neno la kunisimanga. Nimeona wakubwa wengi wakiombwa radhi. Mwenye uungwana kama wa binti yule sijamwona.

Jumatatu alirudi, nami nikarudia maneno yale mbele ya darasa zima. Kabla ya kipindi kuisha, mkono wake ukapanda tena. "Samahani mwalimu..." Nikafungua kamusi. Alikuwa sahihi tena, na safari hii nilifurahi kweli.

Sasa nawe unaanza kufundisha hapo Majengo. Maneno ya wageni yanafanana, yatakuponyoka, na hilo halina aibu. Kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Ila usimnyamazishe anayekusahihisha. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Na uliyemwaibisha mbele ya watu, muombe radhi mbele ya watu hao hao, hata kama umri wake ni nusu ya wako.

Mungu akujalie wanafunzi wasiokuogopa, mwanangu, na siku utakayokosa akupe miguu myepesi ya kupanda kilima.